Nimeokoka lakini debe langu halikuokoka: mliowahi kurudisha mali za watu njooni mnielekeze

Mchota Mahindi (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na wasimamizi naomba msiuhamishie jukwaa la dini ukafie huko, maana hili kwanza ni suala la biashara.

Mimi ni mnunuzi wa mahindi. Nanunua vijijini upande wa Kiteto na Kongwa, nauza Kibaigwa. Anayeijua kazi hii anajua siri yake ni moja: kijijini unanunua kwa debe, sokoni unauza kwa kilo. Hapo katikati ya debe na kilo ndipo watu wanajengea nyumba.

Debe langu nililirithi kwa bosi aliyenifundisha kazi. La bati, yale ya zamani. Unalijaza mchanga uliolowana, unalishindilia kwa mchi taratibu siku mbili tatu, tako linatokeza kama kitumbua na mbavu zinavimba. Ukifika kwa mkulima unachimba kishimo kidogo, unaliketisha humo, halitikisiki na mtu haoni kitu. Madebe sita ya kawaida yanatoa gunia la karibu kilo 100. Madebe sita ya kwangu yalikuwa yanasoma 112, siku nyingine 115. Kwa msimu nilikuwa nakusanya gunia kama 300. Hesabu nilikuja kuipiga baadaye, nikakosa usingizi: gunia 36 kila msimu ambazo sikumlipa mtu. Misimu saba.

Sita ya kwanza nilikuwa mtu wa dunia. Mwaka 2016 nikaokoka. Mkutano wa injili uwanjani, nimetoka mbele kwa miguu yangu, nimelia, nimesali sala ya toba. Sikuigiza. Sigara basi, pombe basi, mchepuko basi. Msimu uliofuata nikalipakia debe lilelile kwenye Fuso nikaenda kununua mahindi huku redio inapiga mapambio. Wala moyo haukunigonga. Kwenye orodha ya dhambi nilizofundishwa, debe halikuwemo.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, mjane. Alishapima mwenyewe nyumbani, madebe 24. Kwangu yakatoka 21 na kidogo. Hakubisha. Aliliangalia debe, akakiangalia kishimo, halafu akainama akaanza kuokota punje zilizomwagika pembeni, moja moja, anaziweka kwenye pindo la kanga. Nikamlipa madebe 21. Hicho kidogo sikukilipa. Nikamwambia, "Bwana asifiwe, bibi." Akajibu, "Amina."

Ile Amina imekaa kwenye masikio yangu mpaka leo. Sijalitumia tena lile debe.

Nina daftari la wale niliokuwa nawapa fedha kabla ya mavuno, kwa hiyo baadhi ya majina ninayo. Nimeshawafikia 14. Mmoja alinifukuza. Mmoja alishafariki, watoto wakagombania hela mbele yangu mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Mzee mmoja alicheka sana akasema, "Mwanangu, na mimi gunia la chini kabisa nilikuwa nakuwekea mabichi. Nenda zako, tuko sawa." Hela hakuchukua.

Maswali yangu mawili. Wale mamia ambao hawamo kwenye daftari nifanyeje? Na la pili, mchungaji mmoja ameniambia naidharau damu ya Yesu, kwamba nalipa deni ambalo Kristo alishalilipa. Ni kweli?

---

Siti ya Dirishani

Nimeleta karanga. Ngoja waje.

---

Neema Tupu

Mkuu, mchungaji wako yuko sahihi kabisa. Soma Waefeso 2:8-9, mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Ukienda 2 Wakorintho 5:17 unakuta ya kale yamepita. Wewe unarudi kwenye ya kale na daftari mkononi! Hiyo ni roho ya sheria. Injili ni habari njema, siyo ankara. Amini tu, tulia, mshukuru Mungu, endelea na maisha. Ukianza kulipa hutamaliza, na shetani atakushika hapohapo.

---

Mchota Mahindi (mleta mada)

Nashukuru ndugu, na aya hizo nazipenda. Ila tuelewane. Mimi siendi kwa mkulima niliyempunja kununua mbingu. Naenda kwa sababu mahindi yalikuwa yake. Kwangu ya kale yamepita, nalala vizuri, nina Fuso. Kwake yeye hayajapita, ule mwaka alimtoa mtoto shule.

---

Mama Kikoba

Neema Tupu wewe ndiye yule mwimbaji wetu nini? Maana kuna mtu kwaya ya pili anadaiwa na kikundi chetu tangu 2021. Kila Jumamosi tukifungua sanduku, wenye funguo zote tatu tupo, hela yake haipo. Ukimuuliza anakwambia Bwana atafanya njia. Njia ipo, mama, inapita kwenye simu yako, bonyeza tu.

Mleta mada, Mungu akubariki. Wengine tulishaanza kuogopa kumkopesha mtu akishasema ameokoka. Zamani ilikuwa ndiyo dhamana.

---

Mseminari wa Mwisho

Niko mwaka wa mwisho wa teolojia, naomba nichangie kidogo, mtanisahihisha.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno tunalolisoma "imani" ni *pistis*. Neno hilo lina pande mbili: kumwamini mtu, na kuwa mtu wa kuaminika. Wafasiri wa Biblia yetu walilijua hilo. Angalieni Wagalatia 5:22, tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, *uaminifu*. Hapo Kigiriki ni *pistis* ileile. Na Warumi 3:3, Paulo anauliza kama kutokuamini kwa watu kutabatilisha *uaminifu* wa Mungu. *Pistis* tena, na safari hii ni ya Mungu mwenyewe. Kwa hiyo Injili inaanza na Mungu aliye mwaminifu. Mtu anaitikia kwa kumtegemea, na anayemtegemea mwaminifu anaanza kufanana naye. Habakuki aliposema mwenye haki ataishi kwa imani yake, Kiebrania chake ni *emunah*, neno lenye maana ya uthabiti, kitu kisichoyumba ukikiegemea.

Sisi Waswahili tumependelewa, ila hatuoni. Hebu yapangeni: amini, imani, muumini, mwaminifu, amana, amina. Mzizi mmoja. Kiswahili kimeyapata kupitia Kiarabu, na Kiebrania ni ndugu yake. Yule bibi alipokujibu "Amina", kwa lugha ya mzizi alikuwa amesema, "hili ni thabiti, linategemeka." Akiwa anaokota punje zake chini. Mimi mwenyewe niliposoma pale nilisimama kidogo.

Neema Tupu, Waefeso 2 usiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na Yakobo 2:19 anasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Kukubali kwamba Mungu yupo hata wao wanakuweza.

Kuna kitu kingine kilinishangaza darasani. Karibu mwaka 112, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, kaskazini ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajano kuomba mwongozo. Anaitwa Plinio. Alikuwa anawakamata Wakristo na hajui awashtaki kwa kosa gani. Akawahoji, wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa akawatesa kabisa. Anachoripoti ni kwamba hao watu hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama mungu, na hula kiapo. Kiapo cha nini? Kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana pale mwenye nayo anapoidai. Amana! Huyu ni mpagani, anawatafutia kosa, na hicho ndicho alichokipata.

---

Siti ya Dirishani

Mseminari umenimalizia karanga.

---

Abuu wa Makorora

Asalaam aleikum wadau. Mimi ni Muislamu, hapa ni kwa jirani, nitasema machache nitoke.

Hilo la amana kwetu ni kubwa mno. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume Makka nzima ilimwita al-Amin, mwaminifu. Watu waliokuja kumpinga bado walikuwa wanaweka mali zao kwake. Mwaka 622 alipohama kwenda Madina, huku wanataka kumuua, alimwacha nyuma Ali arudishe amana za watu kwa wenyewe. Za haohao. Na tuna hadithi inasema hana imani asiye na amana.

Kwa hiyo ndugu mleta mada, hata huku kwetu jibu lako ni hilohilo: toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mtu. Usimsikilize anayekuambia utulie. Kutulia ni baada ya kulipa.

---

Neema Tupu

Sasa tumefika hapa, Muislamu anamfundisha Mkristo wokovu. Siku za mwisho kweli.

---

Mama Kikoba

Na kama kwaya haijalipa, afadhali atufundishe huyo.

---

Mjukuu wa Kanyigo

Nimesoma mpaka hapa nikamkumbuka bibi mzaa mama. Yeye alikuwa mlokole wa zile enzi za uamsho, Bukoba, Walutheri. Msidhani wale walikuwa na utani. Kitu cha kwanza mtu akiokoka ilikuwa kusimama mbele ya ndugu kusema alichofanya, kwa jina lake. Cha pili ilikuwa kurudisha.

Bibi aliwahi kufanya kazi ya kufua kwenye nyumba ya misheni. Alipookoka alitembea nusu siku kurudisha sindano moja na kipande cha kitambaa. Yule mama wa Kizungu hakukumbuka kama aliwahi kuwa na sindano hiyo. Bibi akasema, "Mimi naikumbuka." Sindano ilikuwa imeshapata kutu, alikuwa ameichomeka kwenye ganda la mgomba isimchome njiani.

Kwa wasioijua historia: moto ule uliwakia Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Kutoka hapo ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi, Kongo. Na wakubwa wa kanisa hawakuupenda wote. Mwaka 1941 chuo cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 akiwemo William Nagenda. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa anamchukia. Mleta mada, Kivengere huyohuyo alikuja kufundisha shule hapo Dodoma kwenu miaka ya 1940.

Hawa watu walihubiri neema kuliko sisi. Msalaba asubuhi, msalaba jioni. Ila hawakuona ugomvi kati ya damu ya Yesu na sindano ya watu.

---

Wa Rusumo

Mjukuu wa Kanyigo umesema vizuri, lakini msiishie kwenye sindano. Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, naishi Ngara.

Nchi hiyohiyo ya Gahini. Mwaka 1994 tulikuwa Wakristo karibu wote. Aliyeshika panga Mkristo, aliyekatwa Mkristo, wamebatizwa kwenye kisima kimoja. Watu walikimbilia makanisani kwa sababu waliyaamini, na ndimo walimouawa. Nenda Ntarama, nenda Nyamata, nenda Nyarubuye. Nyamata nguo zao zimewekwa juu ya mabenchi. Nimeingia pale mara moja, sitaingia tena.

Sisemi uamsho ulikuwa wa uongo. Nasema watu walijifunza kurudisha sindano na kuungama uzinzi, na bado wengi hawakuwahi kuulizwa, jirani yako akikimbilia kwako siku hiyo, je, wewe unaaminika? Debe la mleta mada halikuwemo kwenye orodha. Na kwetu pia kuna kitu hakikuwemo kwenye orodha.

Wapo walioaminika. Gisenyi kulikuwa na Felicitas Niyitegeka, Mkatoliki, Mhutu, aliwaficha watu na wengine akawavusha mpaka kuingia Kongo. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi, akamtumia ujumbe ajiokoe. Akajibu kwamba hawezi kuwaacha watu alio nao, afadhali afe nao. Akafa nao, Aprili 1994. Mimi nikisikia neno "mwamini" namwona huyo mama.

---

Siti ya Dirishani

Nimeziweka karanga chini, mkuu. Pole.

---

Mjukuu wa Kanyigo

Wa Rusumo, nimekusikia. Sina cha kuongeza.

---

Katekista Mstaafu

Vijana hamjambo. Narudi kwenye swali la kijana, maana mmemjibu la pili, la kwanza mmeliacha.

Kwetu Wakatoliki halina mjadala. Katekisimu namba 2412 inadai mali ya wizi irudishwe kwa mwenyewe, na inamtaja Zakayo, yule mtoza ushuru. Padre anakuondolea dhambi, ng'ombe haondolewi zizini kwako na ondoleo.

Sasa soma Luka 19 polepole kama mtu wa hesabu. Zakayo anasema mambo mawili. Nusu ya mali anawapa maskini, halafu aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Kwa nini nne? Torati, Hesabu 5, mtu akiungama mwenyewe analipa kamili na kuongeza sehemu ya tano tu. Mara nne ni adhabu ya aliyeiba kondoo na kumchinja, Kutoka 22. Yaani mtoza ushuru mkuu wa Yeriko amejihukumu mwenyewe kama mwizi wa kondoo, hakuna aliyemshtaki. Na ile nusu ya maskini? Mimi nimefundisha watoto miaka 31 na hivi ndivyo ninavyoielewa: Zakayo alijua wengi hatawapata. Wapita njia, wafanyabiashara wa msimu, waliokufa. Hao aliwalipa kupitia maskini wa mji.

Torati yenyewe iliona jambo hilo. Hesabu 5:8, asipokuwepo wa kupokea malipo, yanakwenda kwa Bwana. Kwa hiyo kijana: wa kwenye daftari walipe mkononi. Wasiojulikana, kijiji kwa kijiji ulikonunua, peleka kitu ambacho kijiji kizima kinakula. Usipeleke kanisani kwako mjini ukatangaziwa jina na kupigiwa vigelegele. Mahindi yalitoka kijijini.

Na kama wewe ni mzee wa kanisa, uache kwa muda. Hili ni langu, katekisimu haijasema.

---

Neema Tupu

Mzee, hapo kwenye "kwa Bwana" na "maskini" nimekuelewa. Nami nikiri, sikupinga kulipa, nilipinga mtu kulipa kwa hofu ya jehanamu. Kama analipa kwa sababu ameshasamehewa, sina neno.

---

Mama Kikoba

Haya, na wewe lipa basi.

---

Mdau wa Mizani

Mleta mada umejitoa kwenye debe, unanunua kwa nini sasa? Nauliza kibiashara.

---

Mchota Mahindi (mleta mada)

Mdau, hapo ndipo panaponiuma. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ikakaguliwa na Wakala wa Vipimo, ina stika. Nikaenda nayo kijijini kifua mbele. Wakulima wakaikataa! Wanasema debe tunaliona kwa macho, huo mshale wako tunajuaje umewekwaje. Mtu aliyeibiwa kwa debe miaka ishirini analiamini debe. Wenzangu nao bado wana yale ya kitumbua, kwa hiyo wanaweza kutaja bei ya juu kuliko mimi kwa kila debe, na mkulima anaangalia bei. Mwaka wa kwanza nilipata gunia 90 tu. Mwaka jana 140. Fuso nimeiuza, nakodi.

Mzee Katekista, shikamoo. Nimeuchukua ushauri wako wote, hata ule ambao haumo kwenye katekisimu. Shule mbili za msingi kwenye vijiji nilivyonunua sana zinapika uji wa mchana kwa michango ya wazazi. Nimeongea na walimu wakuu, nitaanza na gunia 20 kila moja msimu huu. Sitapeleka jina. Ingawa nimeliandika hapa, haha.

Wa Rusumo, ulichoandika nimekisoma mara tatu. Sitakijibu.

---

Mseminari wa Mwisho

Yule bibi wa punje ulimlipa?

---

Mchota Mahindi (mleta mada)

Nilijua mtu ataniuliza.

Jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari na ndiye niliyemwacha mpaka mwisho, kwa aibu. Nilipokwenda nikaambiwa amehamia kwa binti yake, Morogoro. Nikapewa namba ya binti, nikatuma hela kwa simu: yale madebe matatu, kile kidogo kikiwa humohumo, mara nne, kwa bei ya leo. Jioni nikapigiwa. Bibi mwenyewe. Anataka kujua ni nani amekosea namba.

Nikamwambia, "Hujakosewa, bibi. Mimi ni wa debe."

Kimya. Nasikia tu watoto wanacheza upande wa pili. Halafu akauliza, "Lile debe liko wapi?"

Nikasema liko nyumbani, mke wangu analichotea maji.

"Linachukua maji mengi?"

"Linachukua, bibi."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi niletee mimi. Huku maji tunanunua kioski kwa debe."

Sasa wakuu, nimpelekee au nisimpelekee?